Chetambe: Kuta zilibomoka, jina bado linagombaniwa

Wikendi yoyote ukifungua simu yako hutakosa picha ya mtu aliyepozi mbele ya jumba la Lord Egerton kule Njoro. Kuna maharusi, kuna waliofuzu chuo, kuna wale wanaotafuta wafuasi tu mtandaoni. Na jumba lenyewe linastahili picha, tusidanganyane. Lina vyumba zaidi ya 50. Ujenzi ulianza 1938 na haukukamilika hadi 1954, na mwenyewe, Maurice Egerton, alifariki 1958, miaka minne tu baadaye. Ukifika huko utasimuliwa ile stori ya mchumba aliyemkataa, na utarudi nyumbani ukiikumbuka.

Sasa hebu tuulizane. Wewe uliye Kimilili, Bungoma au Kitale, ni lini uliwahi kupiga picha Chetambe?

Huenda umepita hapo mara mia. Ukitoka Kimilili unashuka hadi Kamukuywa, unashika barabara ya kutoka Kitale, unapita Misikhu na Lugulu, unaingia Webuye. Juu ya mji huo kuna vilima. Watu wengi hutazama minara ya kiwanda cha karatasi, wanakumbuka PanPaper ilivyofungwa 2009, wanasikitika kidogo, kisha wanarudi kwenye simu. Lakini huko juu vilimani ndiko kulikokuwa na ngome ambayo mwaka 1895 mamia ya watu walikufa wakiitetea. Inaitwa Ngome ya Chetambe.

Ukipanda usitarajie mnara wala madirisha ya vioo. Ilikuwa ngome ya udongo, na udongo hurudi kuwa udongo. Kilichobaki ni alama ya handaki, nyasi, mashamba ya watu, na jina. Makala haya yanahusu hilo jina: lilitoka wapi, limebeba nini, na kwa nini hadi leo kuna watu wanaolivutania.

Ngome za madoido na ngome za kweli

Tuanzie mbali kidogo, Scotland. Katika karne ya 19 matajiri wa huko walishikwa na mtindo wa kujenga nyumba zinazofanana na ngome za kale. Walitaka minara, kuta nene, na vijidirisha vyembamba kama vya kurushia mishale. Vita vya kurushiana mishale vilikuwa vimekwisha zamani, na ndani ya majumba hayo hapakuwa na jeshi. Palikuwa na meza za chakula, maktaba na vichwa vya kulungu ukutani. Mwandishi Walter Scott alijijengea la kwake, Abbotsford. Malkia Victoria naye akajengewa Balmoral, lililokamilika 1856. Ilikuwa ngome ya kuonyesha hadhi.

Mengi ya majumba hayo baadaye yalikuwa magofu. Katika karne ya 20 kodi ilizidi, pesa zikapungua, na wenyewe wengine wakaezua mapaa ili wasitozwe. Kuta zikabaki zimesimama na miti ikaota sebuleni. Lakini hata gofu la namna hiyo lina jina, lina tarehe, na lina mtu wa kukueleza nani alilala chumba kipi.

Huku kwetu, wakati huo huo, watu walikuwa wakijenga ngome na si kwa madoido. Wabukusu waliita ngome lukoba, na zikiwa nyingi ni chingoba. Watu wa eneo zima kutoka Mto Nzoia hadi chini ya Mlima Elgon waliishi kwa tahadhari, kwa sababu uvamizi wa kuiba ng'ombe ulikuwa jambo la kawaida kati ya majirani. Kwa hivyo kijiji kilizungushiwa ukuta. Nje ya ukuta palichimbwa handaki, na udongo uliotoka handakini ndio uliopandishwa kuwa ukuta. Kazi moja, faida mbili. Usiku watu na mifugo walikuwa ndani, na lango likafungwa.

Mskoti mmoja aliona vijiji vya aina hii kwa macho yake. Joseph Thomson, mzaliwa wa kijiji cha Penpont, alipita mitaa hii mwisho wa 1883. Alifika kwa Sundu, pale tunapoita Mumias leo, kisha akaelekea kwenye mapango ya Mlima Elgon. Unamjua Thomson hata kama hujui kwamba unamjua. Maporomoko ya Nyahururu yaliitwa Thomson's Falls, na hadi leo wenyeji wengine husema T-Falls. Milima ya Nyandarua yeye ndiye aliyeiita Aberdare, kwa heshima ya bwana mkubwa aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia kule London. Hata yule swala mdogo wa mbugani mwenye mstari mweusi ubavuni tunamwita swala tomi. Huyo "tomi" ni Thomson.

Mtu mmoja, safari moja, na majina yamekaa zaidi ya miaka 140. Thomson alifariki 1895, akiwa na miaka 37 hivi. Mwaka huo huo ndio ngome ya Chetambe ilivunjwa.

Bunduki zilizoleta balaa

Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza kwamba Uganda iko chini ya ulinzi wake. Usishangae kusikia Uganda. Hadi 1902, eneo letu hili lote lilihesabiwa kuwa upande wa mashariki wa Uganda. Kwenye ramani ya Waingereza, vita vya Chetambe vilipiganwa Uganda.

Mapema 1895 ofisa aitwaye Charles William Hobley alifika Mumias kuanzisha utawala. Mumias haikuwa mahali pageni kwa wageni. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilikuwa imepita hapo kwa miaka mingi ikitafuta pembe za ndovu, na Nabongo Mumia wa Wawanga alikuwa ameshajifunza jinsi ya kukaa na wageni na kufaidika nao. Wabukusu hawakuwa na mpango huo. Wao walikuwa na ngome zao, ng'ombe wao, na sasa walikuwa pia na bunduki, baadhi zikiwa zimetoka kwa askari waliotoroka kambini.

Hobley alitaka bunduki zirudishwe. Kikosi kidogo cha askari wa Kisudani kikatumwa kuzichukua, na karibu wote wakauawa. Kwa Wabukusu, hao walikuwa watu wenye silaha waliokuja kwao bila kualikwa. Kwa Waingereza, hilo lilikuwa kosa lisilosameheka. Likaundwa jeshi kubwa: askari wa Kisudani chini ya maofisa Wazungu, maelfu ya wapiganaji kutoka Buganda na kwingineko, na watu wa Mumia wanaoijua njia.

Pigano la kwanza lilikuwa Lumboka, upande wa Bungoma. Lumboka ikaanguka. Waliosalia wakarudi nyuma kuelekea mashariki, wakapanda vilima vya Webuye na kuingia katika ngome ya mtu aitwaye Chetambe.

Fikiria hesabu yao. Ukuta ule ulikuwa umewaokoa babu zao mara nyingi. Mvamizi wa mkuki lazima ashuke handakini kisha apande, na akiwa hapo katikati unammaliza. Kilima chenyewe kinakupa macho ya kuona mbali. Kwa vita walivyovijua, walikuwa wamechagua mahali bora kabisa. Lakini aliyekuja safari hii alikuwa na bunduki ya rashasha, na risasi haihitaji kushuka handakini. Mamia walikufa, ng'ombe wakatekwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Malkia aliyejengewa ngome ya madoido kule Balmoral bado alikuwa kwenye kiti chake wakati majeshi ya utawala wake yalipoivunja ngome ya kweli ya Chetambe.

Chetambe ni nani?

Huku kwetu jina si pambo. Ukiitwa Wafula au Nafula, watu wanajua mvua ilikuwa ikinyesha. Wanjala alizaliwa wakati wa njaa, Wekesa na Nekesa wakati wa mavuno, Simiyu wakati wa kiangazi. Barasa alikuja siku kulipokuwa na baraza. Na zaidi ya hayo kuna jina la marehemu wa ukoo, ambalo mtoto hupewa ili aliyekwenda asipotee. Kwa hivyo ukisikia mahali pameitwa kwa jina la mtu, swali la kwanza ni: mtoto wa nani?

Chetambe alikuwa mwana wa Ifile, na alikuwa Mtachoni. Hapo ndipo mambo yanapokuwa moto. Vitabu vingi vya shule vinaandika "upinzani wa Wabukusu" na kuweka Lumboka na Chetambe pamoja. Mtachoni akisoma hivyo anauliza: kama ngome ni ya Mtachoni, kwenye ardhi ya Watachoni, na Watachoni walikufa humo, mbona jina letu halimo kwenye sentensi? Mbukusu naye anajibu: vita vilianza kwetu, bunduki zilitafutwa kwetu, Lumboka ilikuwa yetu, na tuliokufa Chetambe tulikuwa wengi. Ukitaka mjadala usiolala, litaje hili kwenye matanga mjini Webuye, kisha uketi usikilize.

Usiharakishe kuchagua upande. Angalia kwanza kilichotokea: watu waliokimbia kutoka Lumboka walifika kwenye ngome ya jirani, na jirani akawafungulia lango. Alijua nani anawafuata. Angeweza kuwafungia nje akaokoa ukuta wake na ng'ombe wake, lakini waliingia, na wakafa pamoja. Mabishano ya leo kuhusu nani mwenye Chetambe yanasahau kwamba ngome hiyo ilikumbukwa kwa sababu siku ile ilikuwa ya wote waliokuwa ndani.

Linganisha na kule Scotland. Huko mwenye jumba kwa kawaida hujiita kwa jina la ardhi, kwamba yeye ni fulani wa mahali fulani. Kwetu ilikuwa kinyume. Ardhi ndiyo iliyochukua jina la mtu, na ikalishika hata baada ya mtu, ukuta na ng'ombe kwenda.

Waliobadilisha majina

Baada ya 1895, majina mengine hayakuwa na bahati hiyo. Wabukusu waliandikwa kwenye karatasi za serikali kama "Kitosh", jina walilobandikwa na wengine na ambalo hawakulipenda hata kidogo. Iliwachukua hadi miaka ya 1950 kulifuta na kuandikwa Bukusu. Mlima wanaouita Masaba ukaingia kwenye ramani kama Elgon. Webuye ikawa Broderick Falls, na wazee wengine bado husema "Broderick" bila kufikiri. Mbele kidogo baada ya Kitale, mji wa Moi's Bridge uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mwindaji wa ndovu aliyejenga daraja hapo.

Majina hayo hayakuja peke yake. Yalikuja na watu. Mumia alifanywa chifu mkuu mwaka 1909, na nduguye Murunga akaletwa huku Kimilili kuwa chifu juu ya Wabukusu. Alikaa hadi miaka ya 1930. Huko Trans Nzoia ardhi ikagawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia, na 1926 reli ikafika Kitale. Ndani ya miaka 30 tangu ngome kuanguka, mtoto wa aliyekufa Chetambe angeweza kujikuta akilipa kodi kwa chifu wa kuletwa na kuchunga ng'ombe wa Mzungu.

Na bado jina Chetambe halikufutika. Kwa nini? Sehemu kubwa ya jibu ni mtu wa Kimilili.

Mwanasoka aliyerudi kilimani

Elijah Masinde wa Maeni, Kimilili, alikuwa kwanza mchezaji kandanda, na mzuri hasa. Aliichezea Kenya dhidi ya Uganda. Leo angekuwa na maelfu ya wafuasi mtandaoni. Lakini tunamkumbuka kwa Dini ya Msambwa, vuguvugu lililowaambia watu warudie imani ya mababu na wawaambie Wazungu warudi kwao. Serikali ilimwona tatizo. Katikati ya miaka ya 1940 ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, na mwaka 1947 ikamwachilia.

Mwezi Septemba mwaka huo huo aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake hadi Chetambe. Walikwenda kuomboleza na kutambika kwa ajili ya waliouawa 1895. Hebu piga hesabu: ilikuwa imepita miaka 52. Mvulana aliyekuwa na miaka 10 siku ya vita alikuwa sasa na 62. Katika umati ule kulikuwa na watu wa rika hilo, ambao hawakuhitaji kusimuliwa na yeyote. Masinde alijua kwamba maiti zisizoliwa hazitulii, na kwamba watu wakisimama pamoja mahali pa msiba wanakumbuka pia nani aliwafanyia.

Serikali nayo ilielewa hivyo hivyo. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku. Masinde akakamatwa, akapelekwa mbali hadi Lamu, na hakurudi nyumbani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uhuru haukumletea amani sana. Serikali mpya ilimfunga tena, na dini yake ikapigwa marufuku tena 1968. Alifariki 1987.

Unaweza kumpenda au kumkataa Masinde. Kuna wanaosema alikuwa shujaa, kuna wanaosema alipotosha watu. Lakini kwenye jambo hili moja alifanya kazi ambayo hakuna makumbusho yaliyokuwa yameifanya. Aliwapeleka watu mahali penyewe, akalitaja jina kwa sauti.

Sasa ni zamu ya nani?

Kuna hesabu nyingine ya kupiga, na hii inakuhusu wewe. Mtu aliyezaliwa 1940 hapa Kimilili, Misikhu au Webuye angeweza, akiwa mtoto, kuketi karibu na moto na kusimuliwa na kikongwe aliyekuwa ndani ya ngome ile. Mtu huyo leo ana zaidi ya miaka 80. Yeye ndiye kiungo cha mwisho kati yako na siku ile. Akienda, kitakachobaki ni maandishi ya Hobley, na Hobley alikuwa upande wa pili wa bunduki.

Kwa hivyo likizo hii, kabla ya kupanga safari ya Njoro, fanya mambo machache. Keti na kuka wako au kukhu wako. Usianze na maswali ya mtihani. Muulize jina lake lilitoka kwa marehemu yupi, na huyo aliishi wapi, na alikufaje. Washa simu irekodi, lakini omba ruhusa kwanza. Akitaja lukoba, muulize ilikuwa ya nani na ilisimama wapi, kwa sababu Chetambe haikuwa peke yake. Kulikuwa na chingoba nyingine nyingi kati ya Nzoia na mlima, na nyingi ya hizo hazikupata Masinde wa kuzirudia. Leo ni mashamba ya mahindi tu.

Ukiwa Kitale, pita pia kwenye makumbusho ya mji, uone namna watu wa eneo hili walivyoishi. Na ukipanda Chetambe kwenyewe, nenda kwa adabu. Pamezungukwa na mashamba na boma za watu, kwa hivyo piga hodi, salimia wazee, eleza umetoka wapi. Usichimbe wala usiondoke na chochote. Picha piga, hata za kupozi, hakuna atakayekukataza kutabasamu. Lakini chini ya picha andika mahali ni wapi na nini kilitokea.

Halafu rafiki yako Mtachoni akikwambia ngome ilikuwa yao, usimkatize. Na rafiki yako Mbukusu akikwambia waliokufa walikuwa wao, msikilize naye. Wote wawili wanasema kweli. Waulize tu kama wanajua hata jina moja la mtu aliyekuwa ndani siku hiyo, mbali na Chetambe. Mkinyamaza wote watatu, basi mmejua mahali pa kuanzia: kwa kuka, jioni hii.